Ziwani Hatuitani Majina

Nilipokuwa mtoto, pale Tororo, habari ya mtu ilipitia kwangu kwanza ndipo imfikie mwenyewe. Nani kaachwa, nani kanunua kitanda, mke wa nani anakula udongo: yote nilikuwa nayo mimi, mtoto wa miaka minane. Shule niliishia darasa la nne, lakini majirani nimewasoma wote mpaka leo. Kuna jambo moja tu sijawahi kulipeleka kwa mtu, nalo ni hili.

Ilikuwa zamani za utawala wa jeshi, asubuhi ya Idi. Nyanya, mama yake baba, alitupanga uani kama anayetaka kutukagua kucha. Akasema tunakwenda Majanji, bandarini, kula sikukuu ziwani. Hatukuwa tumewahi kwenda. Idi yetu ilikuwa ya kuzunguka nyumba kwa nyumba na kurudi na tumbo linalouma.

"Lakini sikilizeni," akasema. "Ziwani watu hawaitani majina. Maji yakisikia jina la mtu yanalishika, na mwenyewe harudi nyumbani. Leo kila mmoja ana jina la kuazima."

Mama akawa Sufuria, kwa ile pilau aliyoipakata. Baba, mwenye pikapu, akawa Tairi. Mimi nikaitwa Kasuku, na Nyanya wala hakufikiri sana. Baba mdogo Twaha akawa Fundi.

Huyu baba mdogo alikuwa dereva wa lori, na kwa wiki tatu alikuwa hatoki chumba chetu cha nyuma. Tuliambiwa ana surua, tusimkaribie, tusimtaje nje. Surua ya mtu mzima isiyo na kipele hata kimoja, nami kwa umbeya wangu wote nikaimeza. Asubuhi ile alipona ghafla, akavaa kanzu.

Njiani tulikaa nyuma ya pikapu. Tulipopita Masinya baba mdogo alinishika goti. "Kasuku, tukifika tutapanda boti, mimi na wewe."

"Wewe na mimi peke yetu?"

"Peke yetu."

Bandari ilijaa watu. Redio zilipiga, samaki walikaangwa, na boti moja ya injini ilikuwa ikitembeza watu wa sikukuu. Kwenye kivuli cha bohari walikaa wanajeshi wawili na chupa zao za bia. Wa tatu hakuvaa magwanda. Alivaa shati la maua na miwani myeusi, na hao wa mashati ya maua, wapelelezi wa serikali, ndio ambao watu wazima waliwaogopa kuliko bunduki. Mimi niliona maua tu, nikayapenda.

Tulitandika mkeka. Nyanya alimpakulia baba mdogo pilau, akampakulia tena, na yeye aliigeuzageuza tu. Kisha akanyanyuka na birika, kama mtu anayekwenda kulisuuza. Nikamfuata kwa macho. Akaliweka birika mchangani, akaendelea kwenda, mpaka kwenye boti. Hakunitazama.

Nikakimbia. "Fundi!"

Hakugeuka. Akageuka mwanamume mwingine. "Fundi wa nini, mama? Wa baiskeli?" Watu wakacheka. Injini ikanguruma, na baba mdogo akatia mguu mmoja ndani. Machozi yalikuwa yamenijaa. Basi nikaliita jina lake lote, lake na la baba yake, kama mwalimu anavyoita rejista.

"Twaha Masudi! Si uliniahidi!"

Akageuka. Mtu akiitwa jina lake la siku zote, shingo inamgeuka yenyewe.

Yule wa shati la maua akaweka chupa chini taratibu. "Wewe, kuja hapa. Twaha ya lori ni wewe?"

"Hapana, afande. Mimi Fundi."

Akaja akachuchumaa mbele yangu. "Toto, huyu wewe naita nani?"

Nyanya alikuwa amesimama nyuma yake na upawa mkononi, midomo inacheza bila sauti.

"Fundi," nikasema.

"Hapana. Ile ingine."

"Maji yatasikia."

Akacheka. Wenzake nao wakacheka. "Maji nasikia tayari," akasema.

Walimtia kwenye buti ya gari yao, yeye na kanzu yake ya Idi. Nyanya alipiga magoti akakumbatia viatu vya yule mtu. "Mwanangu, nichukue mimi. Huyu mgonjwa. Huyu ana surua." Aliondolewa kwa teke, kama anavyoondolewa kuku. Baba alisimama na funguo za pikapu mkononi. Boti ikaondoka na watu wake, wakipiga makofi.

Gari ilipopotea, Nyanya alinishika uso kwa mikono yote miwili. "Ni maji. Umesikia, Kasuku? Maji yamemchukua."

Baba alikwenda kambini asubuhi nyingi, akirudi na jibu lile lile, kwamba mtu huyo hawamjui. Hatukupata mwili wala kaburi. Waliokuja kutupa pole, Nyanya aliwaambia ni ziwa. Siku moja wakati wa kula baba alinitazama mimi, akafungua kinywa. Nyanya akasema, "Maji." Baba akafunga kinywa.

Nimeshakuwa bibi wa watu ndipo nilipowauliza wazee wa Kisamia kule Masinya, wanawake waliozaliwa na kuolewa kando ya ziwa lile. Wakacheka mpaka mmoja akajishika mbavu. "Nani kawadanganya? Sisi tunaitana kutwa nzima. Usipomwita mtu wa mtumbwi kwa jina, atajuaje ni mume wa nani anayetakiwa?"

Nilicheka nao, kisha nikaomba maji ya kunywa.

Kumbe hadithi ya majina Nyanya aliitunga asubuhi ile uani, kwa ajili ya mdomo wangu, ili baba mdogo awakimbie wanajeshi kwa boti bila kutajwa. Haikutosha. Basi akaichukua ile ile akaishikilia mpaka alipokufa, akalibebesha ziwa jambo ambalo lingekuwa langu. Sijui kama alinisamehe. Pengine hakunisamehe, na bado akalibebesha ziwa.

Idi hizi nawapeleka wajukuu zangu Majanji. Tukishuka garini kila mmoja anapewa jina la kuazima, na mkubwa wao, mwenye mdomo kama wangu, hunicheka. Mwaka huu aliniuliza nani aliyesema ziwani watu hawaitani majina.

"Ni mila yetu," nikamwambia. "Ya tangu zamani."