Neno la Siri la Mama

Siku tatu nilikosa usingizi kwa swali moja: mama yangu ameanza kusahau, au mimi ndiye nisiyejua kitu? Nilitamani jibu liwe la kwanza, na kutamani huko ndiko kulikonitisha zaidi.

Mama alinunua printa ili nipate cha kushika. Nilikuwa nimerudi nyumbani Likombe na shahada ya kompyuta, nikakaa ndani mwaka mzima nikituma barua za kuomba kazi ambazo hazikujibiwa. Yeye ndiye aliyekwenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani kumwambia kwamba mitihani ya muhula tutaichapa nyumbani kwetu. "Mwanangu kasomea," alimwambia. Mitihani ilitakiwa Ijumaa.

Kompyuta yangu ilikufa nikiwa mwaka wa mwisho, kwa hiyo kila kitu kilitoka kwenye simu, kupitia waifai ya nyumbani. Printa ililiona jina la waifai yetu, kisha ikataka neno la siri. Hilo aliliweka mama, pamoja na fundi mgeni aliyekuja kufunga mtandao nilipokuwa chuoni. Simu yangu niliiunganisha kwa kuielekeza kwenye ule mraba wa madoadoa, QR, katika simu ya mama, basi. Sikuwahi kuliandika.

"Kolosho zetu," alisema mama. "Yote pamoja."

Nikaandika koroshozetu. Printa ikakataa. Nikajaribu herufi kubwa, nikaongeza namba, nikazima kila kitu na kuwasha upya. Nikawaza mawimbi, nikawaza unene wa ukuta, mwisho nikawaza kwamba wahadhiri walinipa zile alama kwa huruma.

"Mama, una uhakika?"

"Kolosho zetu, mwanangu. Au nikuimbie?"

Jumatano mwalimu mkuu alipita kuuliza kazi imefikia wapi. Aibu ilinishika, nikajibu haraka, "Mama amesahau neno la siri, mwalimu."

"Ah, mama," akasema akicheka, "uzee umeanza kubisha hodi."

Mama naye akacheka. Mwalimu alipoondoka, mama hakucheka tena. Jioni aliniuliza kama ameshakunywa dawa yake ya presha. Kesho yake asubuhi nilimkuta jikoni, mwiko mkononi, akitaja kwa sauti majina ya wajukuu wa dada yake, mmoja mmoja, kama anayejipima. Bibi, mama yake mzazi, alikufa akiwa hamtambui mtu. Nililijua hilo wakati nasema yale maneno, na bado niliyasema.

Alhamisi mchana nilikumbuka jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelikumbuka: ule mraba wa madoadoa hubeba neno la siri ndani yake. Nikausoma kwa programu ya simu. Yakatokea maandishi: koloshozetu.

Nilikaa chini sakafuni. Fundi mgeni aliandika alichosikia. Mimi niliyezaliwa na sauti ile sikuisikia. Chuoni walinicheka kwa kusema "kalibu", nikajifunza kwa kujifungia chumbani mpaka ulimi ukanyooka. Kumbe na masikio yaliharibika. Mama alisema kolosho labda mara thelathini, na kila mara nilimsahihisha kichwani, halafu nikatangaza kwamba yeye ndiye amesahau.

Printa iliunganika ndani ya dakika moja. Sikusikia furaha yoyote. Karatasi zikawa zinatoka, nami nawaza: nikimwambia ukweli, atajua kwamba nayakataa matamshi yake. Nikisema mashine ilikuwa mbovu, nitasalimika mimi, na yeye ataendelea kuhesabu wajukuu. Niliwaza hivyo hadi karatasi ya mwisho, na nyingine nikaichapa mara mbili bila kujua.

Ijumaa asubuhi niliibeba mitihani, nikamwomba mama twende wote shuleni. Mwalimu mkuu alipokuwa akiipitia mezani, nikasema, "Mwalimu, mama hakusahau kitu. Alilitaja sawasawa tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyeandika vibaya."

Mama akanigeukia. "Kwani ulikuwa unaandika nini?"

"Korosho, mama."

"Si ndiyo hiyo hiyo niliyosema?"

Mwalimu mkuu aliinua macho. Nilijua ameshaelewa, na ninangojewa mimi.

"Hapana, mama," nikasema. "Wewe ulisema kolosho." Nikaitamka kama yeye, kwa sauti ambayo hata chumba cha pili wangeisikia.