Jembe la Nesta

Mzee Yonasi alichemsha chumvi kule Ivuna miaka thelathini, mpaka nyusi zikaungua, na kwake mtu aliyetoka kazini alijulikana kwa harufu. Nesta, bintiye, alinukia sabuni. Kutwa nzima alikaa sebuleni hapo Chapwa na simu mbili, akiwatafutia madereva wa malori mizigo ya kuvusha Zambia. Nyumba waliyoishi aliijenga kwa simu hizo hizo, lakini hilo mzee hakutaka kulisikia.

"Majirani wanasema nimezaa mvivu!" alifoka. "Kesho unatoka na jembe."

"Shamba liko wapi, baba?"

"Nimesema shamba mimi? Nimesema jembe!"

Basi kila asubuhi Nesta akawa anatoka na jembe begani, mzee akimsindikiza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Kazi njema, mwanangu!" Anazunguka nyuma ya kanisa, anaingia kwa mlango wa uani, anawasha simu. Saa tisa alasiri mzee anampaka matope miguuni na kumtuma dukani kununua kiberiti, ili aonekane akirudi.

Wiki ya tatu jirani yao, Mama Dennis, alipiga hodi. Alitafuta kibarua wa kupalilia mahindi yake, na hakuwahi kuona binti anayejituma kama yule.

Mzee Yonasi alikubali papo hapo. Akaingia sebuleni, machozi ya furaha yakimlengalenga.

"Zima hizo simu, mwanangu. Umepata kazi."