Mistari Mchangani

Kila asubuhi mzee wa hoteli hupiga reki ufuoni, kuanzia ngazi za baraza mpaka majini, mistari iliyonyooka kama ya mahindi. Ananyooshea nani? Vyumba thelathini vimefungwa, wageni ni mimi na mwalimu mwenzangu tu kutoka Eldoret, na mzungu mwenye hoteli amekwisha kurudi kwao. Mpishi humchokoza dirishani, "Mkulima, mahindi yameota?" Yeye hukung'uta reki gotini, akaendelea.

Jana nilimwambia kwetu ni Moiben, karibu na Eldoret. Reki ikasimama. Akataja kisima, kisha mwerezi uliopigwa na radi, vyote vya shamba la mzungu huyo huyo, alilomlimia miaka ishirini. Shamba hilo tulilinunua sisi watu wa Moiben kwa kampuni tuliyoichangia hisa, na kila mfanyakazi aliyekutwa mlangoni kwake siku ya kupima ardhi alikatiwa kipande chake. Mimi huona haya hata kuwasalimu wazee, lakini hapo nilimuuliza.

"Mzee, mbona hukusimama mlangoni kwako siku ya kupima?"

"Bwana alinileta huku wiki hiyo," alisema, akirudia mstari niliokuwa nimeukanyaga. "Alisema hoteli imejaa wageni, kazi ni nyingi."