Mkono wa Kahindi na Leseni ya Kujitegemea

Nilifunga safari kwa sababu ya mkono mmoja, mkono wa kulia wa Kahindi, wa kijiji cha Adu. Kahindi ni mkulima. Kiharusi kilimpiga akiwa shambani, akaletwa Malindi, katika hospitali ninamofanya kazi. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kazi yangu ni kuwarudishia watu viungo vyao kwa mazoezi. Tulihangaika naye mpaka akaweza kushika kikombe. Kisha akarudi kwao, njia ikamshinda, akaacha kuja. Siku moja mkewe, Mama Kadzo, akanipigia simu.

"Dada Zuhura, vidole vyajikunja tena. Chumba cha kando ya duka letu ki wazi. Njoo ukikalie, ututibu sote huku."

Ningeweza kuondoka siku ile ile, lakini sikuwa na ruhusa. Majirani zangu wa Shella, mtaa wa hapa Malindi, hudhani ukishasajiliwa na baraza la fani yetu basi umemaliza kila kitu. Hapana. Usajili ni jina lako kuingia daftarini, katika daraja la masomo yako: wenye diploma, wenye shahada, na mabingwa. Leseni ni jambo jingine. Hiyo huombwa upya kila mwaka, nayo ina aina zake. Yangu ilikuwa ya kuajiriwa, kwa hivyo nje ya lango la hospitali sikuruhusiwa kumtibu mtu. Ili nifungue chumba Adu nilihitaji ya kujitegemea. Nikaapa nitaipata, hata nikizungushwa vipi.

Alfajiri nilitoka Shella, nikapita Kilifi bila kushuka, kwa kuwa kituo changu cha kwanza kilikuwa Kikambala. Huko yuko Bwana Salim, msimamizi wangu wa zamani. Baraza lilitaka athibitishe kwa sahihi yake kwamba nimefanya kazi chini yake na naweza kuachwa peke yangu. Tangu astaafu anaendesha chumba cha tiba katika hoteli moja ya ufuoni. Nilimkuta amevaa shati la maua makubwa makubwa, yeye ambaye hospitalini alikuwa akitufokea kwa kifungo kimoja kilicholegea.

"Shikamoo, Bwana Salim."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Malindi hamli siku hizi?"

Sahihi aliitia bila maneno. Maneno yalikuja baada ya chai. "Sasa Adu wafuata nini? Baki hapa. Wageni wataka kukandwa migongo tu, na kukanda hakutaki hiyo leseni inayokuhangaisha. Hapa kuna kiyoyozi."

"Mimi sikusomea kukanda."

"Kukanda, kutibu, mgeni ajuaje?"

Damu ilinichemka. Huyu ndiye aliyenifundisha kuupima msuli kabla ya kuupa kazi, na leo ananiambia mgeni hajui. Nilimjibu kwa adabu, lakini nilimjibu: "Mgeni hajui. Mimi najua." Akacheka, akanifungia mahamri ya njiani.

Mchana nilikuwa Kilifi. Maofisa wa baraza walikuwa wameteremka kutoka Nairobi kutuhoji sisi wa pwani, katika ukumbi wa kuazima. Kwenye benchi nilikaa na Mtaliano wa Malindi, mtaalamu mwenzangu, aliyezungumza Kiswahili cha sokoni bila wasiwasi. "Wewe usajili ya kudumu," akaniambia. "Mimi ya muda tu. Ikiisha, tena foleni." Kweli, wataalamu wageni wana daraja lao. Tukagawana mahamri ya Bwana Salim.

Aliyenihoji aliitwa Bi Wanjiru, mtu wa bara, mwenye miwani na maneno ya kuhesabu.

"Uko peke yako huko Adu. Mtu anakuja, mdomo umeenda upande, mkono umelegea saa hiyo hiyo. Utamfanyia mazoezi gani?"

"Hakuna. Huyo nampeleka hospitali kwanza."

"Na akikataa?"

"Nitagombana naye mpaka apande gari."

Akaandika kitu. "Karatasi zako ziko sawa. Lakini sipeani hii leseni kabla sijaona chumba. Kesho nitakuwa Malindi. Twende Adu pamoja."

Jioni, njiani kurudi nyumbani, nilimpigia Mama Kadzo afagie chumba, mkaguzi anakuja. "Usiwe na shaka," akasema, "hata kibao tutaweka." Nilifurahi. Sikumwuliza kitaandikwa nini.

Asubuhi ya pili tulivuka daraja la Sabaki kwa gari la Bi Wanjiru, baadaye tukaiacha lami. Vumbi lilitufuata mpaka ndani. Yeye alikuwa akiuliza habari za mihogo na mvua, nami namjibu. Tulipofika Adu nilikiona kibao kabla sijaliona duka. Kwa rangi nyekundu, herufi za kutosha kusomwa kutoka barabarani: MKANDAJI BINGWA KUTOKA MALINDI.

Chini yake walikaa kina mama wenye vichanga mikononi, na mabeseni yao. Kwetu pwani mwanamke aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto mpaka arobaini yake itimie, na mkandaji ni mtu wa kazi hiyo. Walikuwa wameitika mwito.

Bi Wanjiru alivua miwani. "Mkandaji sijui ni daraja gani. Bingwa nalijua, na wewe si bingwa."

"Mimi si yeyote kati ya hao. Kibao kitatoka sasa hivi."

Mama Kadzo alisimama ameuma ncha ya leso yake. "Dada, tumekosa wapi? Sisi twakusifu." Nikamshika bega, nikamwambia hakukosa adabu, amekosa neno. Kina mama nao nikawaomba radhi mmoja mmoja. Wengine walicheka, wengine waliondoka na mabeseni yao wamenuna.

"Kahindi yuko wapi?" nikauliza.

"Amejifungia nyumbani, hapo nyuma. Tangu kibao kiwekwe hataki hata kukusikia."

Nikaenda mlangoni. "Kahindi, ni mimi, Zuhura."

"Nenda zako," akajibu kutoka ndani. "Mimi nimezaa lini hata nikandwe?"

Bi Wanjiru alicheka kwa mara ya kwanza. Mimi nilishindwa kucheka. Kama neno moja limemfungia mlango Kahindi, anayenijua, mwanamume gani mwingine wa Adu angeingia chumbani mwangu? Nikaomba chokaa, nikakipaka kibao mwenyewe mpaka kikawa cheupe chote. Gauni langu la usaili likaharibika, na sikujali.

Kelele za brashi ndizo zilizomtoa Kahindi. Mkono alikuwa ameukumbatia kifuani, vidole vimejifumba. Nilitamani kulia. Mama Kadzo akanisukuma mbele. "Umefika sasa, mshike basi."

"Bado. Sijapewa leseni."

"Mwenyewe si huyu hapa? Akuruhusu."

Bi Wanjiru akaniachia nijibu mwenyewe.

"Ruhusa haitoki hivyo, Mama Kadzo. Nisubirini."

Kahindi alinitupia jicho, akarudi ndani. Bi Wanjiru akakagua chumba: maji, mwanga, mahali pa faragha. Kizingiti akakikataa, kiko juu mno kwa mtu anayeburura mguu. Mama Kadzo akasema kitavunjwa kabla ya jua kuzama. Tulirudi Malindi. Aliponishusha, Bi Wanjiru alisema tu, "Wengi wangemshika," nami nikamwambia nilibaki kidogo nimshike.

Siku leseni ilipotoka nilipanda tena gari la Adu, safari hii peke yangu. Kizingiti hakipo, sakafu imesawazishwa. Kibao kilikuwa bado cheupe. Mama Kadzo alisema mumewe amekataza kisiandikwe chochote.

Kahindi alikuwa ameketi chumbani, mezani. Nikamwekea leseni mbele yake. Aliisoma polepole, akarudia aina yake.

"Kwa hivyo sasa una ruhusa."

"Ninayo."

"Ya Nairobi."

"Ya Nairobi."

Akaisukuma kando kwa mkono wa kushoto. "Yangu hujaiomba."

Kweli sikuwahi kuiomba. Hospitalini aliletwa kwa kiti, nikauchukua mkono wake nikaanza kazi. Katika barabara yote ile, Shella, Kikambala, Kilifi, nilikuwa nikitafuta ruhusa ya kumtibu mtu huyu, na mwenyewe sikumwuliza. Nilichojifunza ndicho hicho: leseni ya kujitegemea imeniondoa chini ya msimamizi, haikuniondoa chini ya mgonjwa.

"Kahindi, naomba ruhusa yako nikushike mkono."

Akaunyanyua mkono mgonjwa kwa ule mzima, akauweka mezani mbele yangu.

"Lakini hukandi."

"Sikandi. Mwenye kufanya kazi ni wewe."

"Hilo ndilo waliandike pale nje," akasema.

Nikavishika vidole vyake. Vilikuwa vya baridi na vigumu. "Fungua," nikamwambia. Jasho likamtoka, havikufunguka.

"Tena," akasema yeye.