Papa wa Shangazi na Treni ya Mchana

Mpaka leo nikimwona shangazi yangu anaingia mlangoni na kapu, damu hunichemka. Ni dada wa baba yangu, dada pekee aliyebaki, na nampenda. Lakini kuna mambo mtu huyasamehe kwa mdomo tu.

Baba alisomesha jiografia na historia maisha yake yote, skuli za mjini na za shamba, na alikuwa na maradhi yasiyo na dawa: treni. Hajawahi kupanda hata moja. Alichokuwa nacho ni habari zake. Atakuhadithia namna mfalme alivyotandika reli ndogo mpaka kwenye kasri lake la Chukwani, behewa likikokotwa na nyumbu, wakati bara yote hapa jirani haijaona reli. Kisha atakupeleka kwenye gari la moshi la Bububu, lililokuwa likianzia Ngome Kongwe na kupita Malindi katikati ya nyumba za watu, karibu mno, hata abiria angeweza kunyoosha mkono akachukua mkate mezani mwa wenyewe. Bibi yake alilipanda akarudi na kanga iliyotobolewa na cheche. Bibi huyo hakuzilaani cheche hata siku moja. Aliwalaani walioing'oa reli, na baba akairithi hasira ile kama wengine wanavyorithi shamba la mikarafuu.

Siku moja tulikuwa tunapita nyuma ya Ngome Kongwe, tukamsikia kijana mmoja anayetembeza watalii akiwaambia wageni wake kwamba Zanzibar haijapata kuwa na treni. Baba akasimama pale pale. Alimsomesha yule kijana kwa robo saa nzima, kwa Kiingereza, mkongojo ukionesha reli ilipopita, na wageni wakampiga picha. Mimi niliona haya, lakini niliona hasira zaidi. Mtoto wa hapa hapa, mtaa huu huu, anakula kwa kuuza historia ya kwao na haijui! Baba hakuwa na uwezo wa kumwacha mtu akosee mbele yake. Wauza magazeti, mashemeji, hata khatibu wa Ijumaa aliwahi kusahihishwa.

Basi ilipoanza ile treni ya umeme, ya kutoka Dar mpaka Dodoma kwa saa chache tu, baba alikuwa kama bwana harusi. Alichora njia nzima kwenye karatasi, milima na mito na stesheni. Tatizo lilikuwa macho. Daktari alikwisha kutuambia kwamba ni presha ya macho, kwamba jicho la kushoto limekwenda na la kulia linafuata, na hakutaka kutuahidi mwaka. Kwa hiyo safari ilikuwa lazima iwe sasa, na iwe ya mchana, kwani baba alitaka kuona. Kaka yangu anafanya kazi Dodoma, tutafikia kwake. Nikakata tiketi mbili za treni ya haraka ya mchana, isiyosimama kila kituo, na baba nikamwekea kiti cha dirishani.

Sasa, Unguja mtu hasafiri kimya kimya. Huna budi kuaga, na ukiaga tu umeshajitwika mizigo ya watu. Kwa siku tatu nilimzungusha baba, Kikwajuni, Mwanakwerekwe, Bububu, na kila nyumba ikatoka na kifurushi cha jamaa yao wa bara. Halua, visheti, mkate wa ufuta. Nilinung'unika, lakini nilipanga vyote kwenye begi moja na begi likafungika. Jioni ya mwisho shangazi akaja kutoka Mkokotoni na kapu la ukindu. Harufu ilimtangulia ngazini.

"Hii ya mwanangu," akasema. "Papa wa ng'onda, wa kukaushwa kwa chumvi. Huko Dodoma papa atampata wapi?"

"Shangazi, ile treni ina viyoyozi, madirisha yake hayafunguki. Papa huyu atatutoa roho."

"Wee mtoto, papa ana harufu tokea lini? Nimemfunga karatasi tatu." Kisha akanipita, akaliweka kapu mikononi mwa baba. "Kaka, nakukabidhi wewe. Amana yangu hiyo."

"Nshapokea," akasema baba.

Nilimwangalia kwa macho ya kumsihi, lakini ndiyo ilikwisha. Kwetu mtu akisema amepokea, hata bahari ikauke, mzigo utafika. Desturi nzuri, na usiku ule niliichukia kwa moyo wangu wote. Kwa nini mwenye mzigo haulizwi kama amemfikiria anayembebesha? Mzee anakwenda kuiona dunia kwa jicho moja, nusu, wewe unamtwisha papa!

Kwenye boti upepo ulitusitiri. Stesheni hakuna upepo. Ndani ya jumba lile la vioo watu walianza kugeuza shingo kabla hatujafika kwenye mashine ya kukagua mizigo. Askari alikuwa binti mdogo, mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Akafunua kapu, akalifunika upesi. "Mzee wangu, hii haiingii behewani. Abiria watanilalamikia."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi kupita kiasi. Sikuwa na mtu wa kugombana naye. Nikamvuta baba pembeni, nikamwambia tulitupe. Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama yake.

"Amana haitupwi."

"Basi nipe mimi. Mimi n'takwenda na basi, wewe panda treni. Kaka atakupokea."

"Nilipokea mimi, kwa mikono yangu. Na sikupeleki basi la kutwa nzima peke yako."

"Baba, umengoja miaka yote hii kwa ajili ya leo! Kwa ajili ya papa?"

"Usinipigie kelele mbele za watu," akasema, taratibu. Akatoa tiketi yangu akanipa. "Zisipotee zote mbili. Panda wewe. Angalia vizuri, unihadithie."

Nilikataa, nikalia, nikamtaja shangazi kwa maneno nisiyoweza kuyaandika. Haikusaidia kitu. Nilimsimamishia teksi ya kwenda kituo cha mabasi, akaingia na kapu lake mapajani, na dereva akafungua madirisha yote manne.

Nikapanda. Kiti cha baba cha dirishani nikakiwekea mkoba wangu, sikutaka kukikalia. Na hapa ndipo ninapoandika jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilikuwa nimepandwa na hasira hata sikutaka treni ile inifurahishe. Nikauvuta mtandio usoni, nikakigeuzia kioo mgongo, nikalia mpaka usingizi ukanichukua. Niliamshwa na watu wakishusha mabegi. Tulikuwa tumefika Dodoma, na sikuwa nimeona hata mti.

Baba alifika baada ya Isha, miguu imemvimba. Asubuhi yake tulipeleka kapu. Mtoto wa shangazi alitupokea vizuri, ila mkewe alirudi nyuma hatua mbili.

"Mjomba, siku hizi sisi papa hatumli," akasema yule mwanamme, akicheka kwa haya. "Majirani hapa wanalalamika." Akamwita mlinzi wa getini, akamgaia kapu zima.

Nilisimama nikatoka nje, ama sivyo ningesema. Baba alibaki, akanywa chai, akaulizia watoto. Njiani aliniambia, "Mimi nimefikisha. Baada ya hapo si yangu." Kisha akaniuliza habari za treni. Nikamwambia, tukifika nyumbani nitakuhadithia kwa nafasi. Akakubali. Kurudi tulirudi na gari ya kaka, aliyekuwa na safari ya kikazi Dar, maana tiketi za mchana zilikuwa zimemalizwa na wanafunzi wa likizo.

Jioni ya pili baada ya kurudi Mji Mkongwe, wazee wenzake walikuja barazani kumpa pole ya safari. Akaniita.

"Naam, baba."

"Njoo uwahadithie hawa. Mimi n'lipata udhuru, lakini huyu kapanda, kaangalia kila kitu."

Wazee wanne wakanigeuzia nyuso, na yeye akaelekeza sikio, kwani nyuso siku hizo alikuwa hazioni tena vizuri. Nikaanza. Nikataja mwendo, watu wote husema mwendo. Nikataja makonge na mapori. Maneno yakawa yanakuja, na nilivyoona anatabasamu nikazidi. Nikasema tulipokaribia Morogoro ilitokea milima ya Uluguru upande wetu wa kulia, mikubwa, ya buluu, ukungu umeikalia vichwani.

Mzee mmoja, aliyewahi kukaa bara, akakunja uso. "Kulia? Kwenda Dodoma, Uluguru si inakuwa kushoto?"

Nilihisi masikio yanawaka. Baba alikuwa ameichora njia ile kwa mkono wake. Alinisomesha milima hiyo kabla sijajua kusoma. Nikamtazama, na nikaona tabasamu limemtoka, likakaa mbali kidogo, likarudi.

"Ni kulia," akawaambia wenzake. "Reli hii mpya imepita kwengine. Mwacheni mtoto amalize."