Bibi Kidole Hataki Chumba cha Kusoma Kifungwe

Wewe unayesoma haya, umegeuza uso mara ngapi? Umemsikia mwanao akimwaga ukurasa mzima bila kukwama, ukampigia makofi, ukarudi kwenye simu yako. Hukuuliza kama anasoma kweli. Uliogopa jibu.

Saa mbili asubuhi, katika chumba cha mwisho cha chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja mrefu amekalia kigoda, magoti yamemfika kidevuni. Mbele yake yuko binti wa darasa la kwanza, kitabu mapajani. Mtoto anatiririka kama maji ya bomba. Mwanachuo anatabasamu hadi gego la mwisho.

Wanachuo wenzake wanatazama. Mkufunzi wao, mama mtu mzima, anainama, anafunika picha kwa kiganja, kisha anaweka kidole katikati ya ukurasa.

“Hapa pameandikwaje, mjukuu wangu?”

Mtoto anatazama kidole, anatazama dari, halafu anaanza upya kutoka juu.

“Hapana, mama. Neno hili moja tu.”

“Bibi, hilo peke yake sijaambiwa.”

Chumba kinaangua kicheko. Mwanachuo hacheki. “Mwalimu, haki ya Mungu, jana alisoma lote!”

“Jana alikuimbia, baba. Nawe ukacheza.”

Ndiyo maana chuo kizima kinamwita Bibi Kidole. Kazi yake ni kuwafunza walimu watarajiwa namna ya kumfundisha mtoto kusoma, na kosa hilo analijua kwa harufu. Seremala hawezi kudhani meza imesimama ilhali haina miguu. Lakini mwalimu wa darasa la kwanza anaweza kumaliza mwaka akiamini darasa linasoma, kumbe linaitikia.

Yeye mwenyewe alisomea ualimu humu humu. Anaonyesha mlango wa uani, unaotokea kwenye shule ya msingi ya jirani. Enzi zake, watoto waliingia kwa mlango huo kila asubuhi, na kila mwanachuo alikabidhiwa mtoto mmoja kwa mwaka mzima.

“Ukipewa, umepewa,” anasema. “Akikohoa, unajua. Akishindwa herufi, umeshindwa wewe.”

Vifaa havikuwapo. Walikata maboksi ya sabuni wakaandika maneno upande usio na chapa, chumba kikanukia kufua. Sakafu waliipiga nta wenyewe kila Jumamosi, wakiteleza na kusukumana kama watoto wadogo. Anaposimulia hayo, sauti yake inalainika.

“Wangu alikuwa kabinti kakaidi, kanakula chaki. Miezi na miezi, hakuna kitu. Siku moja akageuza kipande cha boksi, akaikodolea macho ile chapa ya nyuma, akasema polepole, ‘sa-bu-ni.’ Neno hilo sikuwahi kumfundisha! Nikalia. Masikini, akadhani ameharibu. Akaniambia, ‘Usilie, Mwalimu, nitaligeuza lilivyokuwa.’”

Anacheka, anafuta macho kwa ncha ya kanga.

Sasa uongozi wa chuo unataka kulifuta somo lake la kufundisha kusoma. Litamezwa na somo la mbinu za jumla, litafundishwa ukumbini kwa mhadhara na kupimwa kwa mtihani wa kuandika. Mlango wa uani utapigwa misumari, chumba kiwe stoo. Mwanachuo atahitimu bila kumsikiliza mtoto hata mmoja.

Mkuu wa chuo haoni tatizo. “Masomo ni mengi, muda hautoshi,” anasema. “Na kusoma, mwalimu gani asiyekujua?”

Bibi Kidole alipofikishiwa maneno hayo, alijibu papo hapo: “Hata mimi kupumua nakujua. Mbona hamjanipa wodi ya wagonjwa wa mapafu?”

Wenye kumbukumbu hawashangai. Kwanza ule mwaka wa mtoto mmoja ulipunguzwa, ukawa muhula. Muhula ukawa wiki chache. Kila mara tuliambiwa ni kwa muda tu, hali ikitengemaa mambo yatarudi. Hayakurudi. Tulinyamaza, na wao wakauchukulia ukimya wetu kuwa ni ruhusa. Leo watoto wanafika darasa la tano wakiwa mabubu mbele ya ukurasa, nasi tunawaita wavivu.

Kigodani, yule mwanachuo mrefu amefunga kitabu. Ameandika neno moja kwenye kibao, anamngoja mtoto, hamsaidii. Jasho linamtoka yeye.

“Mwache ahangaike,” Bibi Kidole anamnong’oneza. “Ukimtajia, umemnyang’anya.”

Amebakiza miaka miwili astaafu. Anataka ule mwaka mzima urudishwe, na huyu mrefu ndiye anayemtaka ashike nafasi yake. “Nimwachie chumba chenye watoto,” anasema, “siyo ufunguo wa stoo.”

Bodi ya chuo inakaa Ijumaa hii asubuhi, na wazazi wanaruhusiwa kusema. Basi nenda. Usimtume jirani, usiseme ratiba imekubana. Kaa mstari wa mbele, uwaulize ni nani atakayemfundisha mwanao kusoma. Wakikuambia usubiri nje, usitoke.