Mifuniko ya Kaburi Niliyopeleka Mkuyuni

Biashara yangu ya slabu za zege, pale Nyakato, ilikuwa na wiki tatu tu. Mzee mmoja akaja kununua mifuniko ya kaburi.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Iletwe kesho msibani, Mkuyuni.” Mkono alionipa ulikuwa wa baridi.

Kesho yake niliipeleka, nikajipanga na waombolezaji kuaga. Kuchungulia jenezani, nikamwona mteja wangu amelala, na ndevu zake zilezile nyeupe.

“Jana huyu alikuja kwangu!” nilipiga kelele, nikarudi kinyumenyume hadi nikakalia sufuria la wali. Vilio vyote vikakatika.

Mkono wa baridi ukanishika bega.

“Inuka, binti. Mimi ni Doto. Tunayemzika ni Kulwa, pacha wangu.”